Mwalimu wa Michezo na Glavu Zisizouzika

Hakuna mtu kijijini kwetu aliyewahi kumwona Mwalimu wa Michezo akinyoa ndevu. Wanaume wengine walinyolea nje, kioo kimeegemezwa ukutani, povu shavuni, huku wakiitikia salamu za wapita njia. Yeye alijifungia ndani, akaziba dirisha kwa gunia, kisha akatoka na kidevu safi na uso wa mtu asiyetaka kuulizwa. Mama yangu alisema mwanamume anayejificha kunyoa ana jambo jingine analolificha. Mimi nilikuwa darasa la nne nilipolisikia neno hilo, nikaliamini, na sijawahi kuliacha.

Alikotoka sikujui, na sitajifanya najua. Tulimkuta tu, kama tulivyokikuta kisima cha shule. Kijiji chetu kiko upande wa Mgori, karibu na msitu, na miaka ile watu walikuwa wamehamishwa wakae pamoja, nyumba zimepangwa mistari, kila mtu anamwona jirani yake akitoka chooni. Katika kijiji cha namna hiyo mtu mwenye mlango uliofungwa lazima asemwe. Wengine walisema ni mchawi. Wengine walisema ametumwa kutuchunguza kama tunaupenda ujamaa. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mpole, alisema huenda ana kipara cha kidevu, na hakuna aliyemsikiliza.

Tulimshuku, lakini na yeye alitushuku, kwa hiyo tulikuwa sare. Maziwa aliyanusa kabla hujayaweka chini. Ukimwambia umechelewa kwa sababu ng'ombe amezaa, alinyamaza, na wiki ya pili akakuuliza ghafla katikati ya somo, "Yule ndama ni dume au jike?" Ole wako usahau ulichokuwa umedanganya. Sokoni ndiko alikokuwa balaa. Akitajiwa bei ya juu alicheka. Akitajiwa bei ya chini alikunja uso. Alikuwa na usemi wake, tuliuiga mpaka tukauchosha: "Kila rahisi ina sababu. Ukiijua, nunua. Usipoijua, kimbia." Wauza vitunguu walimkimbia yeye.

Mkono wake wa kushoto ulikaa mfukoni. Ulitoka mara chache, na ulipotoka tuliona kiganjani kovu pana, laini, linalong'aa. Darasa letu alituambia ni cheche za treni pale Manyoni. Darasa la tano aliwaambia ni pembe ya fahali. Wanawake waliokuwa wakimfulia aliwaambia ni pasi. Wanafunzi hukutana, na wanawake hukutana zaidi, kwa hiyo haikuchukua muda kijiji kizima kikajua kwamba kovu moja lina baba watatu. Mtu anayewaadhibu watoto kwa uongo wa ndama, mwenyewe anadanganya kuhusu kiganja chake! Mimi jambo hilo lilinikera kuliko uchawi.

Maandishi yake ubaoni yalikuwa mabaya ajabu kwa mtu aliyesomea ualimu. Herufi zilipanda na kushuka, chaki ilikatika, na yeye aliandika polepole kama anayebeba maji yasimwagike. Kwenye shamba la kijiji nako alikuwa na mtindo wake. Siku za kazi ya pamoja tulisimama mstari mmoja na majembe, walimu kwa wazazi, tukalima kwa wimbo. Yeye alitaka mwisho wa mstari, na si mwisho wowote, bali ule wa upande mmoja tu. Akiukuta umekaliwa, alimwomba mtu ampishe. Watu wa kamati walinong'ona kwamba anakaa pembeni ili apate njia ya kutoroka. Lakini hakutoroka hata siku moja, na alilima vizuri. Wakakosa la kusema, wakaendelea kunong'ona.

Ajabu kubwa ya yote ni kwamba alikuwa mwalimu wa michezo asiyecheza. Chuoni kwao mzungu mmoja wa kujitolea aliwafundisha besiboli, na yeye akaileta kwetu, tukaiita mpira wa rungu. Mmoja anarusha, mmoja anapiga kwa rungu, wengine wanadaka, anayepiga anakimbia kuzunguka mawe manne. Wasichana tuliipenda kwa sababu tulikuwa tumekomaa kwenye rede. Kudaka na kurusha ilikuwa kazi yetu tangu utotoni. Mwalimu alisimama pembeni na filimbi. Mpira ukimwendea, hakuuokota. Aliusukuma kwa mguu uturudie. Tulisema, huyu hajui hata kurusha, ameisoma kwenye karatasi.

Sasa niseme kuhusu kamba. Mimi nilizaliwa na mashoto. Nyumbani nilikula kwa mkono wa kulia kama watu, maana hapo hapakuwa na mjadala, lakini kalamu, fimbo na kisu vilikwenda kushoto vyenyewe. Siku hizo mkono wa kushoto ulikuwa mkono wa chooni. Huwezi kumpa mkubwa kitu kwa huo, huwezi kupokea kwa huo, na mtoto aliyeandika kwa huo alikuwa anawatukana wote waliomtangulia. Walimu wengine walinichapa wakasahau. Mwalimu wa Michezo hakunichapa. Alichukua kamba ya katani, akanifunga kifundo cha mkono wa kushoto kwenye mguu wa dawati, kila kipindi cha kuandika, mwaka mzima, bila hasira. Aliufunga kwa upole, akapitisha kidole chake ndani ya fundo kuona kama halibani. Mimi upole ule niliuchukia. Mtu akikuchapa unajua hasira yake inakwisha wapi.

"Mwalimu, inaniuma," nilimwambia siku moja.

"Haiumi," akasema. "Nimepima."

"Kwa nini mimi tu?"

"Kwa sababu ni wewe tu ninayekuona," akasema, akageuka ubaoni kuandika yale maandishi yake ya kuyumba. Nililiona jibu la mwendawazimu.

Mambo ya glavu yalianza na mpira mgumu. Tulikuwa tukitumia mpira wa matambara uliozungushiwa vipande vya tyubu. Ndipo wageni kutoka wilayani wakatuletea mpira halisi, mweupe, mgumu kama jiwe, na wakasema tujiandae kuonyesha mchezo wetu mjini Siku ya Saba Saba. Wiki ile ile mtoto wa mwenyekiti alidaka akavunjika kidole. Mwenyekiti akatamka wazi: mipira ya mawe itadakwa kwa glavu, au mchezo ufe. Wazazi walikaa, wakakubali kila kaya yenye mifugo itoe ngozi. Mwalimu akaziuze mjini, anunue glavu. Baba yangu alitoa ngozi ya fahali wake mwekundu, ile aliyokuwa anailalia. Alipoitoa nilimwona anavyoishika mara ya mwisho.

Kabla ya safari Mwalimu alitufundisha kipindi kizima namna ya kuchagua glavu ya bei nafuu, kitu ambacho hakuwahi kukinunua. Hata hivyo maneno yake yalikuwa na akili, na mpaka leo nayatumia. Usitazame rangi wala muhuri, alisema; rangi ni ya kumvutia mjinga. Ikunje. Ikilia kama jani kavu, iache. Ibane kwa ukucha: ngozi ya kweli inakunjamana, ya bandia inakutazama tu. Tia pua ndani, iliyooza haifichi. Vuta kamba zilizoshonea vidole, maana kiganja huwa imara siku zote, ila kamba ndizo hukatika na glavu ikafa. Iliyokwisha kutumika si mbaya, imelainika na bei yake imeshuka kwa sababu inayojulikana. Ngumu ilainishwe kwa mafuta ya kondoo, mpira ukifungiwa ndani yake usiku kucha.

"Na kubwa zaidi," akasema, "mtoto asinunuliwe glavu ya kukulia kama shati la sikukuu. Glavu kubwa inadondosha mpira. Mwambie aifumbe. Akiweza kukutanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, hiyo ni yake. Na msinunue kitu bila kukijaribu. Mnasikia?"

"Tunasikia, Mwalimu!"

Jioni ile baba aliniita. Alikuwa ameketi juu ya ubao mtupu pale ilipokuwa ngozi yake.

"Kesho utakwenda naye mjini. Nimemwambia kwamba wewe unajua kudaka, utampimia vidole vya watoto."

"Ndiyo, baba."

"Lakini nimekutuma macho. Kikulacho ki nguoni mwako. Angalia anachofanya, ukirudi uniambie."

Tulikwenda na lori la ushirika, tumekaa juu ya magunia ya karanga. Mwalimu hakusema neno mpaka Singida mjini. Ngozi ziliuzwa haraka. Glavu zilikuwa kwa mwenye duka mmoja anayeuza kafaulaya, zile nguo kuukuu za ng'ambo tulizosema zimevuliwa kwa maiti. Sanduku zima la glavu lilikuwa limejichanganya humo. Mimi niliogopa kuzigusa. Nilifikiri kila moja ina mkono wa marehemu wake.

Zilikuwa mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa dogo na bei yake kali. Jingine lilirundikwa chini, kwa bei ya kutupa.

"Haya ya juu yanakwenda," alisema mwenye duka. "Warina asali wananunua, wahunzi wananunua, utingo wa malori wananunua kwa kushikia mfuniko wa rejeta. Haya ya chini hayatoki."

"Kwa nini hayatoki?" Mwalimu aliuliza. Nikasema moyoni, hapo sasa, tutakimbia.

"Sijui, Mwalimu. Mtu anavaa, anavua, anarudisha. Ngozi ni ile ile."

Mwalimu alizikunja, akazibana kwa ukucha, akanusa, akavuta kamba. Kisha akachukua moja ya fungu la bei kali na moja ya bei ya kutupa, akaomba mpira, akaingia kwenye stoo ya nyuma na kufunga mlango kwa komeo. Mwenye duka alinitazama. Mimi nikasogea mlangoni, maana nilikuwa nimetumwa macho, na kama macho hayakufika, masikio yangefika.

Kwanza nilisikia mpira ukianguka na kubingirika, mara kadhaa. Halafu nikasikia mpira ukigonga ukuta na kudakwa, ukigonga na kudakwa, kwa kasi, bila kuanguka, kwa muda mrefu kuliko mchezo wowote tuliowahi kucheza sisi. Hakuna mtoto shuleni kwetu aliyeweza kufanya hivyo. Nilijiuliza kama ndani kuna mtu mwingine.

Alitoka ana jasho, anacheka. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake. Mkononi alikuwa na ile ya bei ya kutupa, akanipa.

"Vaa."

Nilivaa mkono wa kulia, ikaingia vizuri, nikaifumba.

"Nitupie mpira pale kwenye gunia."

Nikasita. Mkono ulioachwa wazi ulikuwa ule wa kamba. Aliona ninavyosita, akageuka akatazama makopo ya biskuti.

"Rusha," akasema. "Sitazami."

Nikarusha kwa kushoto, mpira ukapiga gunia katikati. Akasema bila kugeuka, "Basi, ni hizi," akanunua fungu lote la chini. Mtu wa kila rahisi ina sababu! Hakuwa ameijua sababu, na hakukimbia. Njia nzima juu ya lori nilimtazama kwa wasiwasi. Alikuwa anaimba.

Kesho yake glavu ziligawiwa uwanjani, na kabla kengele haijalia kila mtu alijua. Ziliingia mkono wa kulia tu. Mtoto akishadaka, mkono wa kurushia umo ndani ya glavu. Akitaka kurusha lazima aivue kwanza, na mwenzake ameshazunguka mawe yote manne. Wakijaribu kurusha kwa kushoto, mpira ulikwenda vichakani. Shule nzima ilihangaika isipokuwa mimi. Mwalimu alisimama pembeni na filimbi mdomoni, haipulizi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekumbuka jambo kwa kuchelewa.

Mkutano wa wazazi ulijaa mpaka madirishani. Mzee wa kamati ya shule aliivaa glavu moja mbele ya watu wote, akaomba mpira, akaurusha kwa mkono wa kushoto. Mpira ulipiga paa, watu wakacheka. Mzee hakucheka.

"Mwalimu," akasema, "sisi hatukusoma, lakini hili halihitaji kusoma. Mtu akiivaa hii na kurusha mara moja tu, anajua hapo hapo kwamba haifai. Sasa nakuuliza mbele ya wenye ngozi zao. Ulizijaribu?"

Nilikuwa mlangoni na wenzangu, na Mwalimu aliinua macho akanitazama mimi, moja kwa moja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni.

"Sikuzijaribu," akasema.

Watu waliguna. Nilikuwa nimesimama nje ya ule mlango, na nilikuwa nimesikia.

Nyumbani baba hakunizungusha.

"Wewe ulikuwepo. Alizijaribu au hakuzijaribu?"

"Alizijaribu, baba. Alijifungia stoo, akazijaribu sana."

"Kwa hiyo alijua."

"Sijui kama alijua."

"Alizijaribu, akajua hazifai, akanunua kwa bei ya kutupa, akaja kudanganya. Huo si uzembe, huo ni wizi. Ngozi yangu imeliwa."

Nilisema kweli, na mpaka leo naamini mtoto akiulizwa na baba yake aseme kweli. Asubuhi baba alikwenda kwa mwenyekiti. Muhula ulipokwisha Mwalimu wa Michezo alihamishwa, akapanda lori na sanduku lake la bati, na hakuna aliyetoka kumuaga. Saba Saba tulikwenda kuimba kwaya. Mpira wa rungu ulikufa. Glavu zikagawanyika: moja ikawa ya kuepulia sufuria, nyingine ikalaliwa na paka. Mimi nilichukua moja, kwa sababu ilikuwa yangu kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ikasemwa amejenga nyumba ya bati kwa ngozi zetu. Ikasemwa yuko Sekenke, ana shimo la dhahabu. Baba alikufa akiamini habari ya nyumba ya bati, na kila alipotandika mkeka mahali pa ile ngozi alitamka "Mwalimu wa Michezo" kwa sauti ya kutema. Mimi nilikuja kuwa mkaguzi wa ngozi wa serikali. Kazi yangu ikawa kuzikunja, kuzibana kwa ukucha, kuzinusa, na kumwambia mchinjaji kwamba amenidanganya. Kila nilipotia pua kwenye ngozi nilikumbuka aliyenifundisha, nikakasirika upya. Lile "sikuzijaribu" lilinikaa kama mfupa wa samaki. Mwizi mwenye akili asingesema hivyo, na mtu mwema asingesema hivyo. Sasa alikuwa nani?

Miaka ilipita. Siku moja nilikuwa Nduguti kwa ajili ya mnada, na mchinjaji mmoja akataja mwalimu mstaafu anayeishi nje kidogo ya mji, mtu wa kunusa maziwa. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nikauliza njia. Sikwenda kwa mapenzi, nisidanganye. Nilikwenda kuiona nyumba ya bati.

Ilikuwa tembe ya udongo, ya chini, paa la udongo limeota majani. Nikasema, mwizi gani huyu? Halafu nikasema, labda ya bati iko kwingine. Sikupiga hodi. Anayemshuku mwenzake hapigi hodi. Nilizunguka nyuma ya nyumba taratibu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, juani, kioo kimeegemezwa ukutani, povu shavuni. Alikuwa mzee sana. Alikuwa ananyoa nje, anaimba kidogo kidogo, na wembe ulikuwa mkono wa kushoto. Ulikuwa unateleza shavuni kwa urahisi, bila kusita, mkono usioyumba hata kidogo.

Nilikohoa. Sikutaka, ilinitoka. Kabla hajageuza kichwa, wembe ulirukia mkono wa kulia, na ule mkono wa kulia, mzembe kama ulivyokuwa ubaoni, ukamkata. Damu ikaingia kwenye povu.

"Nani?"

"Ni mimi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nani?"

Mlango uliofungwa, gunia dirishani, mwisho wa mstari shambani, mpira unaosukumwa kwa mguu, kila kitu kilinijia pamoja, na nilijiona mjinga kwa kuwa mimi, kati ya watu wote wa kijiji kile, ndiye niliyepaswa kujua.

Alinitazama kwa kunikazia macho. "Binti wa kamba," akasema.

"Ndiye. Nipe huo wembe."

"Utanikata."

"Umeshajikata."

Alinipa, kwa mkono wa kulia, kwa heshima zote. Nilichota maji, nikamsafisha damu, nikasimama mbele yake na kuushika wembe kwa mkono wangu wa kushoto. Aliutazama. Nilimaliza shavu moja.

"Mkono wako haukupona," akasema.

"Haukuugua, Mwalimu."

Akafumba macho. Nikaendelea chini ya kidevu, na akakiinua kama mtoto. Kisha akafungua kile kiganja chenye kovu, akakiweka juu ya goti lake, wazi, juani.

"Bibi yangu alikizamisha kwenye uji unaochemka. Ili kiache. Nilikuwa mdogo kuliko wewe ulivyokuwa." Akakifumba, akakifumbua. "Nilipokuona unaandika nikasema, huyu watamfanyia hivi. Nikaona kamba ni afadhali."

Sikumwambia kwamba ilikuwa afadhali. Haikuwa. Lakini nilikishika kile kiganja kwa mkono wangu mwingine, na kilikuwa laini kama ngozi iliyotiwa mafuta, na machozi yalinitoka, sikuyaficha.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyemwambia baba."

"Najua. Alikutuma unichunge. Ningemtuma mtu na mimi."

"Kwa nini ulisema hukuzijaribu?"

"Ningesema nilizijaribu, yule mzee angenipa mpira. Angesema, haya, rusha tuone." Alicheka kidogo, na nikaona tena meno, machache yaliyobaki. "Nikafikiri, mzembe anaweza kuhamishwa akafundishe kwingine. Lakini mwalimu mwenye mashoto, aliyemfunga mtoto wao kamba kwa mashoto hayo hayo, wangenifanyaje?"

Nilifuta povu lililobaki. Nilimwambia kwamba glavu moja ninayo bado, imekaa vizuri, kamba zake hazijakatika. Alifungua macho.

"Ile stoo," akasema. "Nilivaa ile ya bei kali, mpira ukaanguka, ukaanguka. Nikavaa hii nyingine." Mkono wake wa kushoto uliinuka wenyewe, ukarusha kitu kisichokuwepo kuelekea ukutani, na wa kulia ukafunguka kukipokea. "Binti, nilisahau kabisa kwamba watu wengine wako tofauti. Nilizijaribu. Zilinitosha."